Juu ya Neno "Mkunga" na Jamaa Zake, Lisemwavyo Kibiti na Rufiji

Wasomaji wetu wengi ni walimu, na mwalimu akiulizwa "Mkunga ni nani?" hujibu upesi: ni mtu asaidiaye wanawake wakati wa kuzaa. Jibu hili ni sahihi, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini akiulizwa swali la pili, "Mkunga hufanya nini?", ndipo aonapo shida. Mganga huganga, mpishi hupika, mlinzi hulinda, mwimbaji huimba. Mkunga je? Hakuna asemaye kwamba mkunga "hukunga". Kitenzi kunga kipo, tena ni cha kila siku, lakini ni cha fundi wa nguo, ambaye hukunga upindo wa kanga ili usifumuke. Mkunga amebaki na jina lake pasipo kitenzi chake, na kila atakaye kuisema kazi yake hana budi kuazima kitenzi mahali pengine. Twaandika juu ya kuazima huko, kwa maana tumeona kwa macho yetu madhara yaliyokaribia kutokea kwa sababu ya kuazima kubaya.

Ilikuwa katika zahanati moja ya Wilaya ya Kibiti, ambayo hatutaitaja. Tulikuwa tumemsindikiza jamaa yetu, tukakaa benchini pamoja na wanawake waja wazito waliotoka visiwa vya delta. Walikuwa wameondoka kwao usiku kwa sababu ya maji. Vijito vile vya mikokoni hupitika vema maji yajaapo, na yakipwa mtumbwi hukwama matopeni. Mwanamke mmoja kijana, mimba yake ya pili, aliingia pamoja na mama mkwe wake. Bibi mmoja mzee waliyekuja naye akabaki nje, karibu nasi. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia yote. Muuguzi, kijana mpole, tena aliyechoka kwa wingi wa watu, aliuliza kama karatasi yake ilivyomwagiza:

"Mtoto wa kwanza ulimzalia wapi?"

"Nyumbani."

"Nani alikuzalisha?"

Yule mwanamke akainama asijibu neno. Mama mkwe ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa kali: "Huyu ana mume wake, mwanangu."

Muuguzi hakufahamu. Akangoja kidogo, kisha akaandika kwamba mtoto yule alizaliwa pasipo msaidizi, akaendelea na swali lililofuata.

Wasomaji wetu wa pwani wamekwisha kucheka. Kwa wengine twaeleza. Katika maneno ya mitaani na vijijini, kumzalisha mwanamke ni kazi ya mwanamume: ni kumpa mtoto, na mara nyingi kumpa nje ya ndoa. "Alimzalisha, akamwacha," hayo ni mashtaka ya wazazi mbele ya wazee. Basi swali la karatasi, lililotungwa na mtu aliyewaza habari za uzazi salama, lilifika katika masikio ya mama mkwe kama tusi: ni mwanamume gani aliyekupa mtoto huyu?

Na yule bibi aliyekaa nje ndiye aliyekuwa mkunga wa uzazi ule. Tulipomwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na kabla jua halijapanda sana alikuwa amekwisha kutusimulia mwenyewe: mtoto alitoka salama, lakini kondo la nyuma lilikawia, na damu ilitoka nyingi hata mama akazimia. Habari hiyo ndiyo muuguzi aliyokuwa akiitafuta kwa karatasi yake. Mwanamke aliyetokwa na damu namna ile mara moja yumo katika hatari ya kutokwa tena, na haimfai kungoja utungu wake wa pili kisiwani, mahali ambapo mtumbwi hungoja maji. Tukamwomba Bibi ruhusa, tukaingia, tukamwambia muuguzi faraghani: "Mwulize alijifungulia mikononi mwa nani." Akauliza. Wanawake wote wawili wakajibu pamoja, "Mikononi mwa bibi huyo hapo nje," naye akaitwa ndani, akapewa kiti. Karatasi ikasahihishwa, na mama akaandikiwa kwenda kujifungulia hospitali.

Sasa na tutazame maneno yenyewe. Asili ya jamaa hii kubwa ni kitenzi zaa. Kwa sura yake kimepoteza sauti l iliyokuwamo zamani; Wazulu hata leo husema zala. Sauti hiyo hurudi kila tukirefusha neno: zalia, zaliwa, zalisha, zalishwa, mzaliwa. Mwanafunzi aulizaye "hiyo l yatoka wapi?" na ajibiwe kwamba haitoki mahali, ilikuwamo tangu hapo. Kuzaa hakuchagui: mnazi huzaa, mbuzi huzaa, mwembe wa shule umezaa mwaka huu kuliko mwaka jana. Kitenzi kujifungua hakisemwi kwa mnazi. Hicho ni cha mwanadamu, na ni cha heshima. Fundi wa sarufi atakivunja hivi: funga ni kutia kifungo, fungua ni kukitoa, ji humrudishia mtendaji kitendo chake. Kwa hiyo mama alikuwa amefungwa, na mwenye kumfungua si mwingine ila yeye mwenyewe. Wadachi nao wana neno lifananalo na hili, Entbindung, maana yake kufunguliwa kifungo. Lakini kwao ni jina la tendo tu, nalo halionyeshi kama mama ndiye mtendaji. Kiswahili chaonyesha. Hata mtoto wa kwanza huitwa kifungua mimba, na wa mwisho kitinda mimba, majina yenye ki- ambayo hata hivyo hufuata mtu katika upatanisho: "kifungua mimba wangu amefika", wala si "kimefika".

Hapo twaona kwa nini mkunga hana kitenzi. Pale penye kujifungua, nafasi ya mtendaji imekwisha kujazwa na mama. Mkunga hawezi kuingia kwa mlango wa mbele wa sentensi. Hatusemi "mkunga alimfungua", kwa kuwa maneno hayo humaanisha jambo lingine kabisa, kama vile kumtoa kambani. Huingia kwa mlango wa uani, yaani kwa mahali: alijifungulia kwa mkunga, alijifungulia mikononi mwa mkunga. Hiyo -li- ya kujifungulia ndiyo ifunguayo mlango huo, na mwanafunzi asiidharau. Tena kuna tofauti kati ya semi hizo mbili. Kwa mkunga ni nyumbani kwake au chini ya ulinzi wake. Mikononi mwa mkunga haitaji nyumba, mikono huchukulika. Bonde la Rufiji wakulima hujenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ili kulinda mpunga usiliwe na wanyama, na watu hukaa huko majuma mengi. Mtoto azaliwaye dunguni huzaliwa mbali na kwa mkunga, na pengine ndani kabisa ya mikono ya mkunga. Ndiyo maana ni mwa, si kwa wala pa: mikono huhesabiwa kama chombo chenye ndani.

Zalisha ni habari nyingine. Kiambishi -ish- humfanya mtu mwingine kuwa sababu ya tendo. Anayemzalisha mama ndiye mwenye tendo, na mama amekuwa mtendwa. Twakiri kwamba kitenzi hiki ni halali, tena wauguzi hukitumia kila siku pasipo nia mbaya. Hata tafsiri ya Biblia iliyotoka mwaka 1952 iliwaita Shifra na Pua, wale wanawake wa kitabu cha Kutoka waliomdanganya Farao, wazalisha. Tafsiri ya Habari Njema iliyokuja baadaye ikawaita wakunga. Sisi twaona tafsiri ya pili imefanya vema, na sababu yetu ni ya sarufi. Jina la mtu lenye mwisho wa -a, likiwa limetoka katika kitenzi kama hiki, hutaka kufuatwa na kitu: mfanya biashara, mpiga ngoma, mchunga ng'ombe. Ukisema mzalisha ukanyamaza, msikilizaji hungoja: mzalisha nani? Ndiyo sababu watu huongeza -ji, wakasema mzalishaji, kama mchungaji na msemaji.

Lakini neno mzalishaji nalo limekwisha kuchukuliwa. Fungua gazeti lolote utaona: mzalishaji wa saruji, wazalishaji wa korosho, uzalishaji wa umeme. Juu ya mto wetu huu huu wa Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lililokusudiwa kuzalisha megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwezi wa Februari mwaka 2024. Kwa hiyo mtu wa Kibiti asikiapo leo kwamba Rufiji kuna uzalishaji mkubwa, hafikiri watoto. Hatulaumu, lugha hukua kwa namna hiyo. Twasema tu kwamba neno lililokwisha kupewa mwanamume mkorofi, kiwanda cha saruji na mtambo wa maji, halina nafasi nzuri iliyobaki kwa bibi mwenye mikono miwili.

Turudi basi kwa mkunga mwenyewe. Jina lake lina mwisho wa -a, nalo husimama peke yake pasipo kungoja kitu. Yako majina mengine machache ya namna hiyo, na yote ni ya mafundi wa zamani: mganga, mgema. Wawili hao vitenzi vyao vi hai, ganga na gema. Mkunga ndiye yatima kati yao. Katika jina la kazi amefuata ndugu zake: uganga, ukunga. Mtu asiseme "ukungaji". Serikali yenyewe imelishika neno kwa sura yake ya asili katika Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na aliyesoma kazi zote mbili huitwa muuguzi mkunga. Wingi wake ni wauguzi wakunga. Maneno yote mawili hubadilika, kama vile mja mzito na waja wazito.

Walimu vijana hupenda kuwafundisha watoto kwamba mkunga ni mtu mwenye kunga, yaani mwenye siri. Ni fundisho zuri kwa darasa lililosinzia. Kunga ni siri na mafunzo ya faragha, ndiyo. Na wakunga wanazo, ndiyo. Na pembeni yao yuko kungwi, awafundaye wali, ambaye jina lake lafanana na hayo. Sarufi nayo haikatazi kabisa kumfanya mtu kutoka katika jina la kitu, kwa maana mtu wa shamba huitwa mshamba. Lakini mlango huo ni mwembamba, na mfanano wa sauti ni shahidi asiyeaminika. Kama kila kifananacho ni ndugu, basi tumwingize pia fundi cherehani na upindo wake, tena tumwingize mkunga wa tatu, ambaye wavuvi wa delta wanamjua kwa meno yake: yule samaki mrefu kama nyoka ajifichaye mashimoni. "Mkunga amekuja" ni sentensi iwezayo kumfurahisha mtu mmoja na kumtoa mwingine majini mbio. Katika wingi hutengana, kwa kuwa wa uzazi ni wakunga, na wa baharini wavuvi wengi humwita mikunga, ingawa upatanisho wake hubaki wa kiumbe hai: mikunga hawa wanauma. Swali hili ni jema kwa mtihani, na kila mwaka tumelitumia.

Imetupendeza pia kuona jinsi mataifa mengine walivyomtaja mtu huyu. Waarabu humwita qabila, yaani apokeaye. Shina hilo la Kiarabu limetupa sisi kubali, kabili, kabla na kibla. Tumechota maneno manne katika kisima kimoja, na la mkunga tukaliacha, kwa kuwa tulikuwa na letu. Wafaransa husema sage-femme, mwanamke mwenye hekima, na katika wingi, sages-femmes, hubadili maneno yote mawili kama sisi tufanyavyo kwa waja wazito. Neno la Kiingereza, midwife, kwa asili ni mwanamke aliye pamoja na mama. Hiyo mid ya mbele katika Kiingereza cha kale ilikuwa na maana ya "pamoja na". Latini ilisema obstetrix, asimamaye mbele.

Wa Ayalandi tumemweka mwisho kwa sababu neno lao lina mafunzo mengi. Katika Kiayalandi mkunga ni bean ghlúine, maana yake mwanamke wa goti. Goti ni glúin, na glúine ni "ya goti". Mbona basi kuna h baada ya g? Ni kwa sababu bean, mwanamke, ni jina la jinsi ya kike, na katika lugha ile jina la kike hulainisha sauti ya kwanza ya neno lilifuatalo. Wakiwa wengi husema mná glúine, na g hurudi kuwa ngumu. Hivyo mabadiliko ambayo sisi huyatia mwanzoni mwa kila neno kwa m- na wa-, wao huyatia katika neno la kwanza kwa kuligeuza lote, na katika la pili kwa kulainisha pumzi tu. Lakini lililotushangaza si hilo. Neno lao glúin lina maana mbili: goti, na kizazi, yaani watu wa rika moja katika ukoo. Na sisi neno letu kizazi lina maana mbili: watu wa rika moja katika ukoo, na tumbo la uzazi la mwanamke. Watu wa mbali namna hii, wasioonana kamwe, kila mmoja amechukua kiungo cha mwili mahali mtoto apitapo, akahesabia ukoo wake.

Liko jambo moja ambalo Kiswahili kimewapita hao wote. Bean ni mwanamke, femme ni mwanamke, na hata Wadachi wenye neno Hebamme walikuwa na jina tofauti kwa wanaume wa kazi hiyo hata sheria yao mpya ilipoanza kutumika mwaka 2020 na kuwapa wote jina moja. Mkunga wa Kiswahili hana jinsi. Mwanamume akihitimu chuo leo huingia katika jina hilo pasipo kubadili herufi.

Nayo methali ijulikanayo na kila mtoto wa shule, Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, yafaa ifundishwe kwa sarufi yake, maana watoto wengi huikariri pasipo kuifahamu. Wapo wadhanio kwamba u ya ungalipo ni "wewe", kana kwamba yasema "nawe ungali upo". Sivyo, hiyo u ni ya uzazi. Ngali ni "bado", na po ni ya kuwapo. Na hiyo na si ya kuunganisha, ni ya hali: "hali uzazi bado upo". Tena angalia kwamba methali haikusema mkunga, ilisema wakunga. Mwenye kumtukana mmoja hana njia ya kumwendea mwingine akajidai kuwa hakutukana, kwa kuwa kijijini wote husikia.

Methali hiyo haikutungwa juu ya Kibiti, lakini imekuwa na kazi huko. Miaka ya nyuma wakunga wa jadi walifundishwa na kupewa vifaa. Mwaka 1992 mashirika makubwa ya dunia yalitoa tamko la pamoja juu yao. Baadaye shauri likageuka, ikaonekana afadhali kila mama ajifungulie penye mtaalamu, dawa na damu. Sisi twakubali shauri hilo, na habari tuliyoisimulia juu ya kondo la nyuma ni ushahidi wetu. Lakini kumwondolea bibi kazi ya kupokea mtoto si sababu ya kumwondoa katika sentensi. Maneno mkunga wa jadi yameanza kusemwa kwa namna ambayo wa jadi ni aibu, na tumesikia mzee mmoja akikana mbele ya watu, "Mimi sizalishi," naye alisema kweli kwa maana zote za neno, huku habari za uzazi wa kijiji kizima zikikaa kichwani mwake pasipo kuulizwa.

Basi kwa walimu wenye wanafunzi wanaokwenda vyuo vya uuguzi, na kwa yeyote atungaye karatasi za maswali, twashauri iandikwe hivi: Ulijifungulia wapi? Mikononi mwa nani? Ni maneno matano, na hakuna mama mkwe atakayekasirika.

Na neno dogo kwa wageni. Mkunga ni jina la kumtajia mtu, si la kumwitia. Hatujapata kumsikia mtu wa delta akiita, "Ewe mkunga!" Siku ile maji yalipoanza kujaa, na wale wanawake watatu wakarudi mtumbwini, mwenye mtumbwi alimpa yule mzee mkono, akasema, "Bibi, karibu, kaa hapa kati, pakavu."